Mabawa ya kiwavijeshi vamizi: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Swali la mradi naliandika leo, kabla sijaona data yoyote, ili baadaye nisijidanganye kwamba nilikuwa nikitafuta kitu kingine: nondo wa kiwavijeshi vamizi waliokulia kwenye mahindi na wale waliokulia kwenye mtama, je, mabawa yao yana umbo moja? Nasema umbo, si ukubwa. Bawa dogo na bawa kubwa huweza kuwa na umbo lile lile, kama picha moja iliyochapishwa kwa vipimo viwili.

Mdudu mwenyewe, Spodoptera frugiperda, alipewa jina la kisayansi mwaka 1797, na kwao ni maeneo ya joto ya Amerika. Kwa zaidi ya karne mbili baada ya hapo alikuwa tatizo la huko. Mwaka 2016 akaripotiwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. 2018 yuko India, mwanzoni mwa 2019 yuko China, 2020 Australia. Jinsi alivyovuka bahari ni habari nyingine. Mimi natazama alivyosambaa baada ya kutua. Nondo mzima akipata upepo mzuri husafiri takriban kilomita 100 kwa usiku mmoja. Amerika Kaskazini hawezi kustahimili baridi kali, na hana ule usingizi mrefu unaowavusha wadudu wengine majira ya baridi. Kwa hiyo kila mwaka wanaosalimika kusini mwa Florida na Texas huanza safari upya kuelekea kaskazini, kizazi baada ya kizazi, hadi Kanada. Safari yote hiyo hubebwa na mabawa ambayo yakitandazwa hayazidi sana milimita 40 kutoka ncha hadi ncha.

Ndiyo maana nimechagua bawa. Bawa refu na jembamba humpunguzia mdudu gharama ya kwenda mbali. Fupi na pana humfaa anayegeukageuka karibu na mimea. Ikiwa chakula cha kiwavi kinalibadilisha umbo hilo hata kidogo, basi shamba alilokulia lina neno katika umbali atakaofika.

Sababu ya pili ni kwamba kiwavijeshi huyu ana koo mbili, ukoo wa mahindi na ukoo wa mpunga. Kwa macho hazitofautiki. Hutenganishwa kwa DNA. Mwaka 2014 watafiti wa Colombia walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa mabawa ya koo hizo yakipimwa kwa nukta, yaani alama zinazowekwa mahali maalumu kwenye bawa, hutofautiana. Kazi hiyo ndiyo iliyonivuta. Lakini sitaki kuchanganya mambo mawili. Afrika, wengi wa nondo waliochunguzwa wana mitokondria (DNA inayorithiwa kwa mama) ya ukoo wa mpunga ilhali jeni yao ya Tpi, iliyo ndani ya kiini cha seli, ni ya ukoo wa mahindi. Kumwokota kiwavi kwenye mahindi, basi, si ushahidi wa ukoo wake. Ninachouliza ni habari ya chakula.

Wiki ya 2

Viwavi wamekusanywa, wa mahindi na wa mtama, wote wakiwa bado wadogo. Kila mmoja nimemhakiki kwa lenzi ya mkono: Y iliyopinduliwa usoni, rangi ya krimu juu ya kichwa cha kahawia, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia. Bila hayo mawili simwingizi kwenye mradi, kwa sababu shamba moja linaweza kuwa na viwavi wa aina tatu au nne wanaofanana.

Kila kiwavi ana kikombe chake. Hili halina mjadala: wakikaa pamoja hulana, na wakubwa ndio wanaobaki. Ukiwaweka kumi kwenye chombo kimoja, mwisho utapima mabawa ya mla wenzake, tena aliyenenepa kwa nyama badala ya majani. Wa mahindi wanapewa mahindi, wa mtama mtama, majani mapya kila siku. Chumba ni kimoja na joto ni moja, kwa sababu wadudu wengi wakikulia kwenye ubaridi huchelewa kukomaa na hutoka wakubwa zaidi. Safu za vikombe nazihamisha kila asubuhi ili kusiwe na kundi linalokaa karibu na dirisha siku zote.

Wiki ya 4

Nondo wanatoka. Wengi hutoka usiku. Asubuhi nawakuta wametulia kwenye kifuniko, mabawa yamekunjwa juu ya mgongo kama paa la nyumba.

Dume anatambulika haraka: bawa la mbele lina mchanganyiko wa kijivu na kahawia, na doa jeupe la pembetatu kwenye ncha. Jike ni wa kijivu kilichopoa, hana doa hilo wazi. Lakini rangi hudanganya kwa nondo aliyechakaa, kwa hiyo nahakiki kwa kiungio cha mabawa. Geuza nondo chini ya hadubini, inua bawa la mbele polepole, utazame mzizi wa bawa la nyuma. Kwa dume utaona unywele mmoja mnene, mgumu, unaopita chini ya bawa la mbele na kushikwa hapo na kijindoano, ndivyo mabawa mawili ya upande mmoja yanavyopiga hewa kama bawa moja. Kwa jike unywele huo umegawanyika kuwa nywele kadhaa nyembamba. Nimetazama nondo mmoja baada ya mwingine wiki hii, na kila mara nikiuona ule unywele mmoja unang'aa kama waya wa shaba nasimama kidogo.

Jinsia nimeipa uzito huu kwa sababu kazi nyingi za nondo hutumia mitego ya feromoni. Feromoni ni harufu ya jike, kwa hiyo mtego huleta madume tu, na pia huwaleta wakiwa wamepigania kutoka hadi kingo za mabawa zimechanika. Ukipima madume peke yao huwezi kusema lolote juu ya majike, na jike ndiye anayebeba mayai kwenda shamba jipya. Nimewafuga kwa sababu hiyo, ingawa kufuga kunachosha kuliko kutundika mtego.

Lengo ni nondo 60, thelathini kwa kila zao, nusu madume nusu majike. Namba hii ina msingi. Nukta 15 zenye viwianishi viwili ni vigezo 30. Ukiondoa mahali, mzunguko na ukubwa, unabaki na vigezo 26 vya umbo. Ukiwa na mabawa machache kuliko vigezo, programu itakutenganishia makundi hata kama hayapo.

Wiki ya 5

Kuandaa mabawa. Natumia bawa la mbele la kulia; la kushoto nalihifadhi kwenye bahasha ndogo yenye namba ile ile.

Bawa la nondo limeezekwa magamba, na magamba huficha mishipa. Nalikata kwenye mzizi kwa mkasi mdogo, nalichovya kwenye ethanoli ya asilimia 70 ili lilowe, kisha nalitia kwenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo iliyozimuliwa. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Halafu rangi ya kahawia huanza kukimbia kutoka kingoni kuelekea katikati, na mishipa hutokea mmoja mmoja, kama mistari ya kiganja. Hapo nalitoa, nalisafisha kwa maji, na magamba yaliyobaki nayapangusa kwa brashi laini kutoka mzizini kwenda nchani. Ukipangusa kinyume bawa linajikunja.

Nimepoteza mabawa mawili kwa kuyaacha kwenye klorini huku nikiandika lebo. Yalilainika kama karatasi iliyolowa, na nilipoinua kibano nilikuwa nimeshika kipande tu. Sasa nafanya bawa moja kwa wakati mmoja, saa mbele yangu, na kazi nyingine yoyote inangoja.

Wiki ya 6

Picha zote zimepigwa, za mahindi kwanza, za mtama baadaye. Kamera iko juu ya stendi, rula ya milimita iko ndani ya kila picha, bawa liko katikati ya fremu kwa sababu lenzi hupinda mistari pembeni.

Nukta naziweka kwa tpsDig, programu ya bure ya James Rohlf. Zote 15 ziko mahali mishipa inapokutana au kuachana, hakuna iliyo kwenye ukingo mtupu. Mishipa hukutana mahali pale pale kwa kila nondo wa spishi hii, kwa hiyo nukta ya 7 ya bawa moja kweli ni ndugu ya nukta ya 7 ya bawa jingine. Ukingo hauna uhakika huo. Zilizo rahisi ni zile za pembe ya chini ya seli ya katikati, yaani chumba kikubwa cha bawa kilichozungukwa na mishipa, ambapo mishipa mitatu huchipuka karibu karibu. Ngumu ni za kijichumba kidogo kilicho juu ya seli hiyo, mahali matawi ya mshipa wa radiasi, mmoja wa mishipa mikuu ya bawa, yanapoungana. Mishipa hapo hukutana kwa kuteleza badala ya kukatana, na msalaba wa kipanya unatangatanga juu yake kama anayetafuta mlango gizani.

Wiki ya 7

Jumatatu nilikuwa na furaha ambayo leo naitazama kwa mbali.

Nilipitisha nukta zote kwenye mlinganisho wa Procrustes. Kwa asiyeujua: programu huhamisha mabawa yote yakae kwenye kitovu kimoja, huyakuza au kuyapunguza hadi yawe na ukubwa sawa, kisha huyazungusha hadi nukta zikaribiane kadiri inavyowezekana. Kinachobaki baada ya hapo ni tofauti ya umbo. Nikachora vijenzi vikuu viwili vya kwanza, yaani mielekeo miwili inayobeba sehemu kubwa zaidi ya utofauti. Mahindi upande huu, mtama upande ule, na katikati nafasi nyeupe. Nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone.

Mwalimu anayenisimamia alikuja jioni. Alitazama grafu muda mrefu, kisha akauliza, "Mabawa ya mahindi na ya mtama uliyapiga picha siku moja?"

"Hapana, Mwalimu. Ya mahindi yalitangulia."

"Na kati ya hizo siku, ulibadilisha nini?"

Nilisema hakuna. Nilikuwa naamini hivyo. Usiku nikafungua picha mbili kando kwa kando, moja ya kila kundi, na jibu lilikuwa pale. Mabawa ya mahindi yamelala juu ya kioo kimoja, wazi. Nilipofika kwenye mtama nilikuwa nimeshajifunza kwamba bawa likikauka huinua ukingo wake wa nyuma, nikaanza kulifunika kwa kioo cha pili ili lilale bapa. Niliona kuwa nimeboresha kazi, nikaendelea mbele bila kurudi nyuma.

Ukingo ulioinuka, ukitazamwa na kamera kutoka juu, huonekana umesogea ndani. Bawa huonekana jembamba. Nikarudi kwenye mchoro wa mabadiliko ya umbo na kufuata mishale nukta kwa nukta: karibu yote mikubwa ilikuwa upande wa nyuma, karibu na mzizi, ikielekea ndani, pale hasa ambapo bawa hujikunja. Ile nafasi nyeupe kati ya makundi mawili ilikuwa unene wa kioo.

Nimeiacha grafu hiyo kwenye folda na kuiandika jina "kioo".

Wiki ya 8

Kabla ya kurudia chochote nataka kujua mkono wangu unatikisika kiasi gani. Nimechukua mabawa 20, yaliyochanganywa. Kila moja nimelipiga picha, nikalitoa kwenye kioo, nikalirudisha, nikalipiga tena. Kila picha nimeiwekea nukta mara mbili, siku tofauti, bila kuona nukta za kwanza. Hiyo ni picha 40, seti 80, nukta 1,200. Kazi hii haitatoa mchoro wowote wa kupendeza.

Uchanganuzi wa tofauti wa Procrustes huligawa fungu lote la utofauti: kiasi gani ni cha mdudu na mdudu, kiasi gani ni cha kulipanga bawa upya, kiasi gani ni cha mkono kwenye kipanya. Kwangu kulipanga bawa upya kunaleta kosa kubwa kuliko mkono. Hilo sikulitegemea. Siku zote nilikuwa nikiogopa kipanya, nikisafisha macho na kukuza picha, kumbe kosa liliingia kabla kompyuta haijawashwa.

Nukta mbili za kile kijichumba zinatangatanga kupita kiasi hata kwenye picha ile ile. Nimeziondoa. Zimebaki 13, vigezo 22 vya umbo. Imeniuma kidogo, kwa sababu ziko karibu na ukingo wa mbele, na ukingo wa mbele ndio unaokata hewa. Lakini nukta ambayo siwezi kuirudia mwenyewe siwezi kumwambia mtu mwingine aiamini.

Wiki ya 9

Nimerudia picha zote. Kila bawa limelowekwa upya, limewekwa kati ya vioo viwili, limepigwa upya. Namba zimechanganywa kwa bahati nasibu, na mwenzangu ndiye aliyeandika orodha ya namba ipi ni ya zao lipi. Iko kwenye droo yake. Sijui ninapima nini, na ndivyo ninavyotaka. Mabawa manne yalipasuka kwa kulowekwa mara ya pili. Hapo ndipo bahasha za mabawa ya kushoto zilipofaa, ingawa ilibidi kuzigeuza picha zake kama kwenye kioo cha kujitazamia kabla ya kuweka nukta. La kushoto na la kulia la mdudu mmoja halilingani kikamilifu, kwa hiyo hayo manne yana alama yake kwenye jedwali, na kila uchanganuzi nitaufanya mara mbili, yakiwemo na yasipokuwemo.

Nimegundua pia kwamba mkono hubadilika ndani ya siku moja. Nukta za saa ya kwanza na za saa ya nne hazikai sawa sawa kwenye mshipa. Nikichoka huelekea kushoto. Nafanya mabawa 15 kwa siku, basi.

Wiki ya 11

Orodha imetoka kwenye droo.

Makundi mawili yamepandiana. Hakuna nafasi nyeupe tena. Kinachotenganisha nondo wangu kwa uwazi kwanza ni jinsia, na hilo nalikubali bila shida kwa sababu ndivyo ilivyo kwa nondo wengi. Cha pili ni ukubwa. Ukubwa naupima kwa umbali wa nukta zote kutoka kwenye kitovu: kila umbali unapigwa mraba, zinajumlishwa, halafu kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Waliokula mahindi wana mwelekeo wa kuwa na mabawa makubwa zaidi.

Tofauti ya umbo kati ya mazao ipo, ndogo, na inabaki ile ile nikiyatoa yale mabawa manne. Lakini bawa likikua halikui sawa kila upande. Umbo hufuata ukubwa. Nilipoondoa sehemu ya umbo inayoelezwa na ukubwa, ile tofauti ndogo ikapungua hadi karibu na kosa langu la kupanga bawa. Sitaandika kwamba chakula kinabadilisha umbo la bawa. Nitakachoandika ni kwamba nondo wa makundi haya mawili wametofautiana kwa ukubwa, na kwamba umbo lao, kwa vipimo vyangu, halijatofautiana zaidi ya kile ukubwa unachokileta.

Hata la ukubwa lina tundu. Viwavi hawa waliokotwa mashambani. Wa mahindi walikuwa na mama tofauti na wa mtama, na kabla sijawaokota sijui walikula nini wala kwa siku ngapi. Chakula na ukoo vimefungwa pamoja, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayovifungua.

Kinachoweza kuvifungua ni ndugu. Jike mmoja hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 kwa fungu. Ukiwagawa watoto wa fungu moja, nusu mahindi nusu mtama tangu siku wanapoanguliwa, mama ni mmoja na kinachobaki kutofautiana ni jani. Niwe na mafungu kadhaa ya akina mama mbalimbali, na kila fungu ligawanywe hivyo hivyo.

Asubuhi ya leo nimekuta fungu la kwanza limebandikwa kwenye ukuta wa kizimba, limefunikwa na utando wa kijivu kama ukungu. Ni magamba ya tumboni mwa mama, aliyoyaacha juu ya mayai. Sikuligusa. Kwa joto la chumba hiki yataanguliwa ndani ya siku mbili au tatu, na viwavi wachanga hupeperuka kwa uzi wa hariri wakikosa jani, kwa hiyo lazima niwe hapa mapema na brashi. Vikombe vimepangwa mezani. Vimeandikwa namba tu, na orodha iko kwenye droo ya mwenzangu.